Leseni yangu hulala na kuku

Cheti cha kwanza cha macho nilichowahi kuwa nacho kilisema naona 6/6, yaani macho mazima. Kilikuwa cha uongo, na nilikilipia shilingi elfu hamsini.

Nina ualbino. Nilizaliwa na kukulia Mwanza, shuleni nikikaa dawati la mbele na bado nikiinuka kila mara kwenda kuunusa ubao. Macho yangu huchezacheza yenyewe, jua huyachoma, na ile sehemu ya katikati ya retina inayomwezesha mtu kuona vitu vidogo haikukomaa tangu tumboni. Ndiyo maana miwani ya kawaida hunisaidia kidogo tu. Kipimo changu cha kweli ni 6/36: herufi ambayo mwenye macho mazima anaisoma akiwa mita 36, mimi mpaka niisogelee mita 6. Wamarekani hupima kwa futi, kwao ni 20/120. Nilifikisha miaka 30 bila kuzijua namba hizi. Kama na wewe una uoni hafifu na hujui zako, anzia hapo, kabla ya shule ya udereva, kabla ya gari, kabla ya kumtangazia shangazi.

Mwaka 2013 nilikuwa Dar, natunza hesabu za duka Kariakoo, na kila mwenzangu alikuwa anajifunza gari. Nikajiandikisha. Tulipofika kwenye kipengele cha macho, mtu mmoja akanivuta pembeni: “Dada, hayo macho yasikupe presha. Toa elfu hamsini, fomu itarudi imejazwa.” Na kweli ilirudi imejazwa. Somo la kwanza na la pili tulizunguka kwenye uwanja wa vumbi, nikajiona dereva. La tatu liliangukia saa kumi na mbili jioni, njia ya mtaani, na mbele yetu kulikuwa na mzee anasukuma mkokoteni wa madumu ya maji. Mkokoteni rangi ya vumbi, barabara rangi ya vumbi, jioni yenyewe rangi ya vumbi. Mwalimu alikanyaga breki ya upande wake. Tulisimama hatua mbili kutoka kwa yule mzee. Mtu mwingine angekusimulia jinsi alivyotutazama. Mimi uso wake sikuuona. Niliona kofia tu, imetugeukia, haisogei.

Nilishuka nikaaga, sikurudi tena. Mume wangu nilimwambia habari hii miaka sita baadaye.

Dar unaweza kuishi bila gari na bila macho mazuri kwa sababu kuna konda. Sikuwahi kusoma kibao cha daladala hata siku moja. Nilikuwa nasikia “Mbagala, Mbagala” napanda. Louisville, katika jimbo la Kentucky huko Marekani, tulikohamia mwaka 2018 baada ya mume wangu kushinda bahati nasibu ya grini kadi, hakuna wa kukuitia. Mabasi yapo, lakini kutoka kwetu hadi kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege nilikopata kazi yalikuwa mabasi mawili na saa moja na nusu, na zamu yangu ilikuwa ya usiku. Mume wangu naye ana zamu zake. Tukawa watu wa kupishana mlangoni. Siku ambazo hakuweza kunipeleka niliita gari kwa simu, dola 14 kwenda, 17 kurudi, na mwisho wa mwezi nikawa najiuliza nafanya kazi au namfanyia dereva kazi.

Habari ya bayoptiki, miwani yenye darubini ndogo ambayo mtu wa uoni hafifu huendeshea gari, niliipata kanisani. Louisville ina Wakongomani wengi, na mama mmoja wa Bukavu alinitazama nikisoma kitabu cha nyimbo kwa kukibandika usoni, akasema, “Kuko mutoto ya dada yangu, macho yake iko kama yako, na anaendeshaka mutuka.” Nilidhani ananichekesha.

Hapa ndipo nilipokosea kwa mara ya pili, na kosa hili linawapata wengi. Usiku huo huo niliingia intaneti, nikaona miwani yenye darubini mbili mbele ya macho, dola 240, nikaagiza. Ilikuwa miwani ya kutazamia televisheni. Ukiivaa unaona kijishimo kimoja kilichokuzwa, na dunia nyingine yote imetoweka. Sasa mwanangu anaivaa akitazama mpira. Na mume wangu, kwa furaha yake, alikuwa ameshanunua Corolla iliyotumika ili “ikukute tayari”. Corolla ilikaa uani miezi kumi na mmoja, tukiilipia bima dola 96 kila mwezi, inakusanya majani.

Bayoptiki yenyewe ni miwani ya kawaida iliyotobolewa sehemu ya juu ya kioo na kupachikwa darubini ndogo, nene kiasi cha kidole gumba. Hata ndugu zangu wanaamini kwamba ninaendesha huku nimechungulia darubini muda wote. Sivyo. Naendesha kwa kioo cha chini, kwa macho yangu haya haya. Darubini ni ya kudokoa: unainamisha kidevu kidogo, jicho linaingia juu, unasoma kibao au kuhakikisha rangi ya taa, unatoka. Sekunde moja, pengine isifike. Ukienda maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88, sekunde moja ni mita 24 na ushei. Ukizubaa humo sekunde tatu umemaliza karibu robo tatu ya uwanja wa mpira bila kujua kando kuna nini. Tena ina vituko vyake. Vitu vinaonekana vimekusogelea kuliko vilivyo, na kuizunguka picha kuna pete nyeusi inayoweza kumficha mtu mzima na baiskeli yake.

Kwa hiyo aliyekuambia bayoptiki inakupa macho mapya amekudanganya. Inakupa uwezo wa kusoma mbali, basi. Kuona njia ni kazi ya macho uliyonayo, na kama hayo hayatoshi, darubini haitaziba.

Wamarekani wamekuwa wakiendesha na miwani hii tangu miaka ya 1970, na Uholanzi iliiruhusu mwaka 2009. Leo majimbo ya Marekani zaidi ya 40 yanaikubali, lakini kila moja kwa masharti yake, kwa hiyo ushauri wa binamu aliye Texas usikutoe nyumbani. Na ukitaka kuhama jimbo, uliza kwanza kabla ya kufunga mizigo. Kentucky wanataka usome angalau 20/200 kwa kioo cha chini na angalau 20/60 kupitia darubini. Kisha wanataka upana: uone nyuzi 120 kutoka upande hadi upande, na 80 juu hadi chini. Watu wote huulizia zile namba za kusoma. Upana ndio unaowarudisha nyumbani.

Tulikwenda wawili. Kuna kaka mmoja wa kanisani, macho yake yanasoma vizuri kuliko yangu mara mbili, presha ya macho imemla pembeni. Mimi nilipita, yeye hapana. Kwenye gari la kurudi alinyamaza mpaka tukavuka daraja, halafu akasema sasa anajua kwa nini anagonga meza za watu. Nilikosa la kumjibu. Sikutegemea kwamba mimi niliyekuwa nikishikwa mkono naye kusomewa vibao ndiye ningepewa karatasi.

Daktari wa uoni hafifu alinipima kwa muda wa karibu saa mbili. Nilimlipa dola 310 kutoka mfukoni. Lakini alinipa kitu ambacho ningelipia zaidi. Aliniuliza kwa nini nageuza uso kidogo kushoto kila ninapotazama. Utotoni nilichapwa kwa hilo. Mwalimu wa darasa la tatu alisema naringa. Daktari akaeleza kwamba macho yanayocheza huwa na pembe moja ambapo hutulia, na kichwa changu kiliitafuta chenyewe tangu nikiwa mdogo. Darubini ikapachikwa kwenye jicho la kulia, inayokuza mara nne, imelazwa kufuata pembe hiyo. Niliposoma mstari wa 20/40 kwenye bango la herufi, herufi zilikuwa zimesimama. Nilivua miwani nikaomba tishu.

Bei ilikuwa dola 1,850, na bima yangu ya afya haikutoa hata senti. Ila kila jimbo lina ofisi ya serikali inayosaidia watu wenye ulemavu kupata kazi au kubaki kazini, na huko Kentucky ofisi hiyo ndiyo inayosimamia mafunzo ya bayoptiki. Nenda huko kwanza, kabla ya kununua chochote, kwa sababu ukishanunua mwenyewe hawakurudishii. Nilipeleka barua ya daktari, barua ya mwajiri na ratiba ya zamu kuonyesha kwamba bila usafiri kazi itaniponyoka. Nilisubiri miezi mitano. Nilipiga simu kila Jumatatu mpaka yule dada wa mapokezi akawa ananisalimia kabla sijajitaja. Wakalipa miwani na mafunzo.

Mtihani wa maandishi haukunisumbua, ila niliwaeleza mapema kwamba nitasogeza uso hadi kwenye kioo cha kompyuta. Usipowaambia, wanadhani unatafuta namna ya kuibia.

Wiki nne za kwanza sikugusa usukani. Mwalimu anaendesha, mimi nimekaa pembeni natangaza kama konda: taa mbele, kijani, mama na kigari cha mtoto kulia, kibao cha njano. Mara ya kwanza nilikuwa nadokoa kila kitu, kila sekunde, shingo ikaniuma. Akanikataza kusoma. Umbo kwanza, alisema, kisha rangi, maneno mwisho. Na kweli, alama ya kusimama huku ina pembe nane na hakuna nyingine yenye pembe nane. Ukiiona doa jekundu lisilo duara kamili umeshaijua, hujasoma lolote. Pembetatu iliyopinduka ni kupisha. Almasi ya njano ni tahadhari, na hapo tu ndipo unapodokoa kujua tahadhari ya nini. Nyumbani nilifanya zoezi la kuinamisha kidevu mara mia kwa siku, nikidokoa saa ya ukutani kutoka kwenye kochi. Watoto wakawa wanaulizana, “Mama anamwitikia nani?”

Kilichonifungua zaidi ni kujua kwamba magari mengine yanaongea. Taa za breki za gari la tatu mbele zikiwaka, kuna jambo, hata kama jambo lenyewe sijaliona. Magari yote yakikwepa kidogo kushoto, kuna mtu au shimo kulia. Nilikuwa nimemkosa konda wangu wa Mbagala miaka miwili, kumbe wapo mia mbele yangu.

Tulianza na maegesho ya duka siku ya Jumapili asubuhi, tukaenda mitaa ya nyumbani, tukaenda Dixie Highway yenye vibao vya biashara mpaka macho yanatapika. Kushika upande wa kulia, kwa mtu wa Tanzania, kulinipa taabu wiki mbili: nilikuwa nawasha waipa badala ya indiketa. Mvua ya kweli ilipokuja ndipo nikajua kwamba waipa zimechakaa, na ukungu mwembamba kwenye kioo cha mbele, ambao mume wangu hauoni hata akionyeshwa, mimi unanifanyia pazia. Sasa nasafisha kioo ndani na nje kila ninapojaza mafuta. Kofia ya ukingo ni lazima, na miwani ya jua ya kuvalia juu ya bayoptiki. Na jua lenyewe napanga nalo: asubuhi sielekei mashariki kama naweza kusubiri, kwa hiyo daktari wa meno wa upande huo nilimhamishia miadi saa sita.

Barabara kuu nilizikimbia mpaka mwisho. Katikati ya Louisville barabara tatu, ya 64, ya 65 na ya 71, zinakutana mahali wenyeji wanapopaita Spaghetti Junction, na picha yake ukiitazama kutoka juu utaelewa jina. Mara ya kwanza nilikosa njia ya kutokea nikaanza kulia huku gari linakwenda maili 50. Mwalimu alinyamaza kidogo, akasema, “Umepotea, hujafa. Nenda mpaka ya mbele.” Tulitokea tukiwa Indiana, ng'ambo ya mto. Tukanywa kahawa huko. Tangu hapo, safari yoyote mpya naipitia kwanza Jumapili asubuhi wakati magari ni machache, na simu inaniongoza kwa sauti. Sijaribu hata kidogo kusoma majina ya mitaa.

Mtihani wa barabarani nilianguka mara ya kwanza. Watu wakiniuliza wanadhani niligonga kitu. Nilianguka kwa woga: kwenye taa ya kijani nilipunguza mwendo ili nidokoe nihakikishe ni kijani, gari la nyuma likafunga breki na kupiga honi, na mbele kidogo nikafanya hivyo hivyo tena. Mtahini alisema kwa upole kwamba dereva asiyeamini alichokiona ni hatari sawa na asiyeona. Nilikasirika siku nne. Siku ya tano nikakubali. Mwalimu akanirudisha kwenye kiti cha pembeni wiki nzima, kazi yangu ikawa moja: kutamka rangi ya taa bila darubini, halafu yeye anasema kweli au si kweli. Sikukosea hata mara moja wiki nzima. Macho yangu yalikuwa yanajua rangi tangu zamani, mimi ndiye nilikuwa simwamini mtu aliyewahi kununua 6/6.

Nilipita mara ya pili, mwezi Juni mwaka 2021. Leseni ina masharti yake: lazima nivae bayoptiki, na niendeshe mchana tu. Usiku unaombwa baadaye, kwa mtihani mwingine. Wakala wa bima nilimweleza kila kitu na sikuficha neno, maana siku ya ajali ndiyo siku watakayosoma karatasi zako kwa makini.

Sasa angalia kichekesho. Nilihangaika miaka miwili nipate leseni ya kwenda kazini, na kazi yangu ni ya usiku. Hakuna aliyeniambia niwaze hilo mapema, na mimi mwenyewe sikuwaza, nilikuwa nimelevywa na ile karatasi. Nikaomba zamu ya mchana. Nilipewa, ikiwa na dola moja na senti hamsini pungufu kwa saa. Piga hesabu zako kabla ya kuanza: zamu, shule za watoto, ibada za jioni.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa Mwanza haliwezi kumwingia akilini mpaka aishi. Sisi tumetoka mahali ambapo saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili, jua halikopi. Huku Juni linazama baada ya saa tatu usiku, nikawa natamba mjini mpaka watoto wanasinzia kwenye viti. Januari linachomoza saa mbili asubuhi. Saa moja asubuhi, ambayo kwetu maana yake ni kwamba kumekucha, hapa ni giza totoro na mimi natakiwa kuwa kazini saa moja na nusu. Leseni yangu hulala na kuku, na kuku wa Kentucky wakati wa baridi ni wavivu. Miezi mitatu kila mwaka mume wangu ananipeleka, jioni narudi na mwenzangu wa ghalani, namchangia mafuta.

Desemba iliyopita nilichelewa kwenye foleni ya duka la chakula. Natoka, ni saa kumi na moja na nusu jioni, jua limeshazama dakika chache nyuma, na anga bado lina weupe kidogo upande wa mto. Kutoka pale hadi nyumbani ni dakika kumi na mbili, kona naziweza nikiwa nimelala. Niliweka mifuko, nikakaa, nikawasha gari. Kijana wa duka alikuwa anasukuma msururu wa toroli akinipita mbele, koti la kijivu, lami ya kijivu. Niliona kofia.

Nikazima, nikampigia mume wangu.

“Niko dukani.”

“Gari limeharibika?”

“Ni zima. Linalala hapa hapa. Njoo unichukue, nina maziwa na nyama.”

Kesho yake saa tatu asubuhi tulilirudia, kioo kimeganda barafu, na nilikikwangua mwenyewe kwa kadi ya maktaba.